Chanika au Morogoro? Kabla ya kuchagua mji, chagueni karatasi na nauli

*Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Tabata. Tumepanga vyumba viwili na sebule kwa shilingi 350,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Baada ya miaka tisa ya kujibana tumefikisha akiba ya milioni 58. Dalali ametuonyesha nyumba ya vyumba vitatu Chanika kwa milioni 52. Imekamilika, ila haina hati. Kuna mkataba wa mauziano wenye mhuri wa serikali ya mtaa. Kiwanja kitupu cha jirani kinauzwa milioni 9. Wakati huohuo shemeji yangu ametutafutia nyumba Morogoro, Kihonda, milioni 55, vyumba vitatu pia, ina hati ya mwaka 1998 ya miaka 33. Viwanja vya karibu nayo ni kama milioni 20. Mume wangu anafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Anasema treni ya mwendokasi itamfikisha kazini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Tuna watoto wawili, miaka 9 na 4. Mama mkwe anasema atakayeuacha mji atajuta, thamani iko Dar. Mimi nimechoka kumlipa mtu kodi, lakini naogopa kukosea. Tufanye nini?*

Mwalimu, swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeniwekea tarakimu zinazozungumza. Waulizaji wengi huniambia "nyumba nzuri, eneo zuri" halafu wanataka jibu. Wewe umeuliza hadi bei ya kiwanja cha jirani, na hiyo ndiyo itakayotusaidia kuliko kitu kingine chochote ulichoandika.

Naona nyumbani kwenu mnabishana juu ya miji, ilhali mlichoonyeshwa ni nyumba mbili. Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022. Ndani yake kuna Masaki na kuna Chanika, na mtu wa Masaki akisema "thamani iko Dar" hasemi juu ya Chanika. Morogoro nayo ina Kilakala, na ina pembe za Mkundi ambako watu bado wanafyeka vichaka.

Nianze na mama mkwe, maana hoja yake ndiyo inayosikika sana. Nimefanya kazi ya uthamini wa majengo kwa miaka mingi, na jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia ni hili: nyumba haipandi bei. Kinachopanda ni ardhi. Jengo linazeeka tangu siku fundi anapokukabidhi funguo: bati linapauka, mfumo wa maji unaziba, dari linashuka, na mitindo inabadilika. Ukiona nyumba iliyouzwa milioni 30 miaka ile leo inauzwa milioni 70, sehemu kubwa ya ongezeko hilo iko chini ya msingi, na iliyobaki ni saruji na nondo kupanda bei.

Sasa chukua tarakimu zako. Chanika, kiwanja ni milioni 9 katika milioni 52. Maana yake milioni 43 mnanunua tofali, bati na mbao, na ardhi yenu ni kama asilimia 17 ya fedha yote. Kihonda, kiwanja ni milioni 20 katika 55, yaani zaidi ya asilimia 36. Kwa hiyo ile nyumba ya "mjini" ndiyo ambayo fedha yenu nyingi imewekwa kwenye kitu kinachochakaa, na ile ya "mkoani" ndiyo yenye ardhi nyingi zaidi ndani yake. Mama hakukosea kwamba ardhi ya Dar hupanda. Amekosea kudhani kwamba hiyo ndiyo mnayoinunua.

Hata hiyo kidogo ya Chanika itapanda kwa kasi gani? Ardhi hupanda pale inapoadimika. Tabata ilipanda kwa sababu mji uliizunguka. Huwezi kuongeza Tabata nyingine. Lakini pembezoni mwa mji hapaadimiki haraka, kwa sababu pembezoni husogea. Mtu akiona Chanika imekuwa ghali, anapiga hatua mbele hadi Mvuti au anaingia Kisarawe, na mauzo yanamfuata. Lami, maji na usafiri wa uhakika vikifika, hapo bei huruka. Mradi wa mabasi ya mwendokasi wa barabara ya Nyerere mwisho wake ni Gongo la Mboto. Kutoka hapo hadi Chanika bado kuna Pugu na safari ya daladala ambayo wewe mwenyewe unaijua. Subira ya miaka 15 au 20 inaweza kulipa. Kama mna subira hiyo, kiwanja kitupu kingewatosha.

Tuje kwenye karatasi, na hapa naomba umwite shemeji yangu, mumeo, akae karibu asikie.

Mkataba wa mauziano wenye mhuri wa serikali ya mtaa si umiliki. Ni ushahidi kwamba siku fulani watu wawili waliuziana kitu mbele ya mwenyekiti. Hauonyeshi kama aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Ardhi isiyosajiliwa haina daftari la kufanyia upekuzi, kwa hiyo mnabaki kuuliza majirani: huyu alinunua kwa nani, na yule wa kwanza alirithi kwa nani, na ndugu zake walikubali? Kesi nyingi nilizoitwa kutoa ushahidi wa thamani zilianza na mtoto wa marehemu aliyetokea Songea au Mwanza miaka minane baadaye akisema, "Shamba la baba liligawanywa nikiwa sipo." Na ikiwa ofisi ya mtaa itawadai asilimia 10 ya bei kama "haki ya mhuri", jueni kwamba ni mazoea, Sheria ya Ardhi ya 1999 haina kifungu kinachoipa ofisi ya mtaa gawio hilo. Wengi hulipa kwa kuogopa kununiwa na mwenyekiti. Milioni 5 ni nyingi kwa kuogopa kununiwa.

Sisemi kwamba kila anayenunua bila hati anaibiwa. Nusu ya watu ninaowajua Dar wanaishi hivyo na wanalala usingizi. Kuna urasimishaji, yaani kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila mpango, kuna leseni ya makazi, na kuna maeneo yaliyoanza bila upimaji ambayo leo yana hati. Ila bei ya kitu kisicho na hati lazima ionyeshe kwamba hakina hati, na milioni 52 haionyeshi hivyo. Tena siku mkitaka kuuza, mnunuzi mwenye mkopo wa benki hatawanunulia, kwa sababu benki inataka hati ya kushikilia. Mtabaki kumsubiri mwenye fedha taslimu, na huyo hujua kubana.

Sasa Kihonda. Umeandika "hati ya mwaka 1998 ya miaka 33" ukapita, kama mtu anayetaja rangi ya geti. Rudi hapo. 1998 jumlisha 33 ni 2031. Hati hiyo inakaribia ukingoni! Si msiba, kwa kuwa muda huhuishwa na wenye nyumba wengi wanahuisha, lakini ni kazi, ni gharama, na ni mahali pa kushusha bei. Mwambieni muuzaji aanze maombi ya kuhuisha yeye mwenyewe, au akate kwenye bei. Kama hakuwahi kulipa kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka, deni linaifuata ardhi, na atakayelikuta ni ninyi.

Ombeni upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Someni kwa makini: jina lililoandikwa ni la muuzaji au la marehemu baba yake? Kama ni la marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si "kaka mkubwa". Kuna rehani ya benki? Kuna zuio lililowekwa na mtu? Mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa maandishi? Nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja kimyakimya, na mauzo ya namna hiyo huweza kutenguliwa. Halafu chukueni mpima aende kutafuta bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja. Niliwahi kuthamini nyumba safi kabisa, hati safi, majina yanalingana, ila nyumba ilikuwa imejengwa kwenye kiwanja cha jirani. Mwenye nyumba alikuwa ameishi miaka 11 kwenye ardhi ya jirani, na jirani kwenye ardhi yake. Walicheka siku ile. Nilipopita tena mwaka uliofuata walikuwa hawasalimiani.

Treni. Hoja hii ina uzito wake na ina tundu lake. Safari za Dar hadi Morogoro zilianza Juni 2024, na kweli zimebadilisha maisha: muda ambao zamani ulikuwa unautumia kutoka Mbezi hadi Chalinze, leo umeshafika Morogoro. Kwa treni hiyo ni chini ya saa mbili. Lakini mumeo amehesabu dakika, hakuhesabu shilingi. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwanzo ni 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Mwezi wenye siku 22 za kazi ni shilingi 572,000, na hapo sijaweka bodaboda ya kutoka nyumbani hadi stesheni wala daladala ya kumfikisha bandarini. Mtakuwa mmeacha kulipa kodi ya 350,000 ili mlipe nauli ya 572,000. Na kazi ya kutoa mizigo haina saa: meli ikifunga gati jioni, treni ya jioni haitamsubiri.

Akienda Jumatatu na kurudi Ijumaa, hesabu inageuka. Safari nne za kwenda na kurudi kwa mwezi ni 104,000. Chumba cha kulala Dar, tuseme 100,000. Jumla iko chini ya kodi mnayolipa sasa. Tatizo ni kwamba mtakuwa nyumba yenye vyungu viwili, na vyungu viwili vina gharama ambazo haziandikwi: chakula cha hotelini, vocha, mtoto wa miaka 4 anayeuliza baba yuko wapi. Kuna ndoa zinazobeba hilo bila shida, kuna zisizobeba. Hilo mnalijua ninyi, mimi mthamini silioni kwenye ramani.

Na wewe, Mwalimu? Katika mjadala mzima umeandika kana kwamba mshahara wako utahama peke yake. Hautahama. Uhamisho wa kuomba mwenyewe huchukua muda, na kwa kuwa umeuomba, serikali haikulipi gharama za kuhama. Njia inayofanya kazi haraka zaidi ni kubadilishana kituo: mtafute mwalimu wa Morogoro anayetaka Dar, muombe kwa pamoja kwa utaratibu wa utumishi. Bahati yako ni kwamba wanaotaka kuja Dar ni wengi kuliko wanaotaka kutoka, kwa hiyo ulichonacho kina soko. Lakini nyumba msiinunue ili uje kutafuta uhamisho. Tafuta uhamisho kwanza. Nimeona walimu wawili wakinunua nyumba mkoani, wakampangisha mtu kwa bei ya kuokota, na wao wakaendelea kupanga mjini miaka mitano.

Hilo linanileta kwenye neno lako la kuchoka. "Kumlipa mtu kodi" linakuuma, nalielewa. Miezi sita mkupuo inauma zaidi. Ila usikubali usemi kwamba kodi ni fedha iliyotupwa. Tuseme sehemu kama mnayoishi ingeuzwa milioni 90. Ninyi mnalipa milioni 4.2 kwa mwaka, chini ya asilimia 5 ya bei hiyo, na mnakaa karibu na kazi mbili na shule. Mwenye nyumba ndiye anayepaka rangi na kubadilisha tangi. Wakati huohuo hatifungani za muda mrefu za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hesabu kavu, mpangaji wa Tabata mwenye milioni 58 zinazozaa hajapigwa. Anayepigwa ni mpangaji ambaye milioni 58 zake ziko kwenye akaunti ya kawaida zikiliwa na mfumuko wa bei, au ambaye kila mwaka ndugu wanazijua na kuzikopa. Kama ninyi ni hao wa pili, nunueni ardhi upesi. Ardhi haikopeshwi harusini.

Kwa hiyo ushauri wangu, nikiwa mimi ndiye mwenye milioni 58: ya Chanika ningeiacha. Si kwa sababu ni mbali, bali kwa bei hiyo na karatasi hiyo. Ikishuka sana na historia ya ardhi ikithibitika, niulize tena.

Ya Kihonda ningeifuatilia, lakini kwa masharti mawili yasiyopunguzwa: uhamisho wako uwe na dalili ya kweli, na bei ishuke. Milioni 55 kwenye 58 inawaachia 3, na hiyo haitoshi. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, wakili, mpima, mthamini, ada za ofisi ya ardhi, kuhuisha hati, na lori la kuhamisha makabati. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji kisheria, lakini wengi huisukuma kwa mnunuzi dakika ya mwisho, na bila TRA kuridhika jina halibadilishwi. Iandikeni kwenye mkataba ni ya nani. Mimi ningeanzia 47 na kutoivuka 51, nikitaja ule mwaka 2031 kila muuzaji anapokunja uso.

Uhamisho ukigoma, kuna njia ya tatu ambayo hamkuitaja: bakini Tabata, mnunue kiwanja kilichopimwa chenye hati, Kihonda au hata Kibaha, muweke fedha itakayobaki mahali inapozaa, na mjenge taratibu. Najua, "kujenga taratibu" kwetu ni kazi ya miaka kumi na mafundi saba. Lakini ardhi itakuwa imeanza kupanda kwa jina lenu, na mwanao wa miaka 9 atakuwa amemaliza msingi bila kubadilishwa shule katikati. Jina lenu, nasema. Yaandikeni majina yote mawili kwenye hati, tangu siku ya kwanza. Nasema hivi kwa wanandoa wote, hata wanaopendana.

Kabla ya kutoa senti, nendeni Kihonda bila shemeji yako na bila dalali, siku ya kazi asubuhi. Angalieni baraza za majirani: ukiona madumu ya njano yamepangwa foleni, bomba linatoka kwa ratiba. Morogoro hutegemea sana bwawa la Mindu, na kiangazi kikikaza mitaa mingine huonja shida. Fungueni bomba la ndani, si la nje pekee. Ombeni namba ya mita ya LUKU muone imesajiliwa kwa jina la nani, maana kodi ya jengo inakatwa humo. Kisha rudini wakati wa masika. Maji ya Uluguru yanashuka kwa haraka, na mkondo ambao Septemba ni mchanga mtupu wa kuchezea watoto, Aprili huwa mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, hati au hakuna hati. Ulizeni pia hifadhi ya barabara, reli na nyaya kubwa za umeme. Waliovunjiwa nyumba kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017 walikuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara ya Morogoro.

Kama mmoja wenu ana ugonjwa unaomfikisha Muhimbili au Ocean Road kila mwezi, niandikie tena, kwa sababu hapo hesabu yote hii inabadilika.

Yaliyobaki hayafanyiki kwa kuandikiana. Mnahitaji wakili wenu, si wa muuzaji wala "wa kwetu wote", na mjiridhishe kwamba jina lake limo kwenye orodha ya mawakili ya Mahakama. Mnahitaji mthamini aliyesajiliwa na bodi ya wathamini, na mpima wa kusimama kwenye bikoni. Mkisikia kuna shauri lolote juu ya ardhi hiyo kwenye baraza la ardhi, ondokeni, hata mkiambiwa "limekaribia kuisha".

Upekuzi ukitoka, chukueni majibu yake kwa maandishi, ndipo mkae na muuzaji kuzungumza bei. Katikati ya wiki hiyo dalali atapiga simu kusema kuna mtu amekuja na milioni 5 ya kianzio na anataka kulipa leo jioni. Mwambieni ampokee.